Manowari Isiyo na Ukuta wa Kati

Orito Kensaku alikuwa mtu wa kusema kidogo na kuchora sana. Pale kwenye karakana ya jeshi la majini, Maizuru, watu walisema ukitaka kumkasirisha huna haja ya kumtukana. Mwambie tu aongeze uzito juu ya sitaha. Hapo shingo inamwiva, na penseli iliyo mkononi mwake inakatika vipande viwili.

Alikuwa na sababu. Zamani, alipokuwa bado mhandisi kijana, alitumwa kukagua manowari iliyopinduka katika dhoruba. Ilikuwa imerundikiwa mizinga na topido, makombora ya kwenda chini ya maji, mpaka ikawa kama mtu mwembamba aliyejitwika gunia kichwani, na wimbi moja la ubavuni likailaza. Walipoivuta mpaka gudini, bwawa kavu la kutengenezea meli, na kuipasua tumbo, Orito alikuwa miongoni mwa walioingia kwanza. Aliyoyaona mle ndani hakumsimulia mtu, hata mkewe Chiyono. Lakini tangu siku hiyo, kila alipochora meli alijiuliza swali moja kabla ya mengine yote: ikipigwa, itasimama au italala?

Vita na Wamarekani vilipoingia mwaka wa pili, meli zilizokwenda kusini zikaanza kutorudi. Makao makuu ya Tokyo yakaagiza wahandisi walete michoro ya manowari nyepesi mpya. Waliitaka yenye mbio, yenye mizinga, na yenye topido nyingi kadiri itakavyoweza kubeba, maana wakubwa wote walikuwa na ndoto moja: kumvizia adui gizani na kummaliza kwa topido. Orito akapanda treni kwenda Tokyo, michoro yake imo ndani ya bomba alilolitundika begani, na mkononi ana sanduku la mbao ambalo hakukubali mtu mwingine amshikie.

Katika chumba cha mkutano, aliyekaa mkabala naye alikuwa Kapteni Mibu Tadamasa, bingwa wa topido, mtu wa sauti nene na kicheko cha kusikika barabarani. Mibu alikuwa shemeji yake. Wote wawili walizaliwa Murakami, walikua wakivua samoni katika mto mmoja, kisha Orito akamwoa Chiyono, mdogo wake Mibu. Walipendana, ila hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote, tangu namna ya kumtia samaki chumvi mpaka namna ya kuunda meli.

Orito akatandaza mchoro wake juu ya meza. Wakubwa wakainama kuutazama. Mibu ndiye aliyeanza.

"Shemeji, kuna kitu umesahau. Topido ziko wapi?"

"Hazipo."

"Umezisahau nyumbani, au umeibiwa kwenye treni?"

Chumba kizima kikacheka. Orito akangoja wamalize, kisha akaweka kidole juu ya karatasi.

"Mizinga yote hii inaweza kuinua midomo mpaka juu kabisa. Siku hizi kifo cha meli kinatoka angani na chini ya maji. Uzito wa topido nimeutumia kupanua ubavu na kuongeza pampu. Na huu ukuta wa kati, unaovigawa vyumba vya mitambo kulia na kushoto, nimeuondoa."

Hapo kicheko kikakatika, pakawa na minong'ono. Mkuu mmoja wa mitambo, mzee mwenye miwani ya duara, akatikisa kichwa. Hakuwa mtu wa kubisha ovyo.

"Ukuta ule una kazi yake, Bwana Orito. Upande mmoja ukijaa maji, mitambo ya upande wa pili inabaki mikavu. Meli inaendelea kwenda."

"Inaendelea kwenda wapi, mkuu? Maji yakikaa upande mmoja, meli inalalia upande huo. Kweli nusu ya mitambo ni mikavu, lakini rafadha yake imetoka majini, inakata hewa. Afadhali maji yaenee chumba kizima. Meli itazama kidogo, lakini itazama ikiwa imesimama."

"Na mwanamke mwenye mimba naye husimama wima," Mibu akadakia, "lakini humpeleki kupigana mieleka!" Wakacheka tena. Yeye akaendelea, safari hii bila utani. "Wakubwa zangu, hii siyo manowari. Ni meli ya waoga. Shemeji yangu ametuchorea meli ya kukimbilia nyumbani."

"Naam, nyumbani," Orito akajibu. "Ndiko mabaharia wanakotoka."

Admirali Ashikari, mwenyekiti, akasogeza kiti chake mbele. Alikuwa mzee mfupi mwenye upara, na mwezi uliopita watoto wawili wa dada yake walikuwa wamezama na meli moja. Akalitazama lile sanduku.

"Humo mna nini?"

"Meli mbili, mkuu. Ila nahitaji maji."

Maji yalikuwa uani, katika tangi la saruji la kuzimia moto. Basi wakubwa wale wakateremka ngazi na panga zao viunoni, wakalizunguka tangi kama wanawake waliofika kisimani. Orito akatoa vimeli viwili vya mbao, kila kimoja kirefu kama mkono, vimepigwa rangi ya kijivu.

"Umetuletea vitu vya kuchezea watoto wakioga!" Mibu akasema.

"Ndiyo. Basi cheza wewe. Vyote viwili vina kizibo ubavuni. Vuta."

Mibu akakunja mkono wa koti, akavuta kizibo cha meli ya kwanza, ile yenye ukuta wa kati. Maji yakaingia upande wa kushoto. Kimeli kikainama, kikainama zaidi, kikasita kidogo kana kwamba kinafikiri, kisha kikageuka tumbo juu. Hakuna aliyecheka. Akavuta kizibo cha pili. Kimeli cha pili kikatetemeka, kikashuka, kikashuka mpaka maji yakakaribia kulamba sitaha, halafu kikatulia hapo, mlingoti wake umesimama wima.

Admirali akakisukuma kwa kidole. Kikayumba, kikarudi. Akakisukuma tena kwa kiganja kizima, kwa nguvu, mpaka mkono wa koti ukalowa. Kikarudi tena.

"Mbio zitapungua?" akauliza bila kuinua macho.

"Zitapungua, mkuu. Manowari ndogo zikikimbia kwa nguvu zote, zitaiacha."

"Umesema kweli hata pale ambapo ungeweza kunidanganya," Admirali akasema. "Nakupa meli moja. Moja tu. Na isiwe ya kuwinda. Iwe ya kusindikiza. Ikipinduka, Bwana Orito, usije kwangu na maneno."

Basi mkuku, uti wa mgongo wa meli, ukalazwa Maizuru, wakati theluji ya kwanza ikianguka juu ya vilima vya ghuba. Kwa desturi manowari nyepesi hupewa majina ya mito, na jina lilipokuja kutoka Tokyo, Orito alilisoma mara mbili kisha akatoka nje kuvuta pumzi. Meli ingeitwa Miomote, mto wa kwao Murakami.

Kazi ilikuwa ngumu. Chuma kizuri kiliadimika, na kilichopatikana kiligombewa. Vijana wengi walikuwa wamechukuliwa vitani, nafasi zao zikashikwa na wanawake waliofunga vitambaa vichwani, waliojifunza kuchomelea chuma huku machozi yakiwatoka kwa moshi. Juu yao wote alikuwa Gonda Iwakichi, mkuu wa mafundi, mtu mwenye kifua kama pipa na mdomo usiofungwa breki.

"Bwana Mhandisi!" alipiga kelele siku moja kutoka ndani ya chumba cha mitambo. "Hii ngazi umeichora kwa ajili ya watu au farasi? Upana wote huu!"

"Kwa ajili ya watu watatu, Gonda. Wawili wazima, na mmoja wamembeba."

Gonda akaupima upana wa ngazi kwa mabega yake. Tangu siku hiyo kila ngazi ya meli ile aliikagua yeye mwenyewe, akairukia na kuikanyaga kwa uzito wake wote, na iliyolia hata kidogo akaamuru ing'olewe.

Meli ilipokwisha kupata sitaha na kuanza kuonyesha sura, Mibu akaja Maizuru. Alikuwa amerudi kutoka kusini alikokuwa akiongoza kikosi cha manowari ndogo. Amekonda, na kile kicheko chake hakikusikika. Alikuwa na habari mbili: kwanza, ameteuliwa kuwa nahodha wa Miomote, pili, makao makuu yamebadili mawazo, yanataka topido zifungwe juu ya sitaha, pande zote mbili.

Habari hizo alizitoa wakiwa mezani nyumbani kwa Orito, mbele ya wali uliochanganywa na viazi vitamu na kipande cha samaki ambacho Chiyono alikitafuta tangu asubuhi.

Orito akaweka vijiti chini. "Zikifungwa topido, ng'oa mizinga. Meli ina tumbo moja, shemeji. Huwezi kulijaza mara mbili."

"Hukuulizwa. Ni amri."

"Basi amri hiyo itafute mtu mwingine wa kuitimiza. Na jina langu walifute."

"Unaona anavyojifanya?" Mibu akamgeukia dada yake. "Anadhani meli ni yake! Mimi ndiye nitakayekaa juu yake ikipigwa, siyo yeye!"

"Kaka," Chiyono akasema, huku akimwongezea supu, "mume wangu akikuambia nyumba hii ina nguzo mbovu, utalala ndani yake kwa sababu kuna amri?"

"Usiingie katika mambo ya kijeshi."

"Siingii. Naingia katika mambo ya kaka yangu. Kuleni. Na mkitaka kupigana, tokeni nje, supu yangu isimwagike."

Wakala, na supu haikumwagika. Asubuhi Orito akamchukua shemeji yake mpaka gudini. Hakumwonyesha mchoro wala hakumtolea hesabu, alimtembeza tu. Wakashuka kutoka sitaha hadi sitaha mpaka tumboni kabisa, ambako wanawake walikuwa wakipiga ribiti, misumari ya kuunganisha mabamba ya chuma, kwa kishindo cha kuziba masikio. Mibu akatazama chumba kile kipana, kisicho na ukuta wa kati, kimefunguka kutoka ubavu hadi ubavu kama ukumbi wa hekalu. Kisha akafika kwenye ngazi, akasimama.

Akaishika ngazi kwa mikono yote miwili, akanyoosha viwiko, akaona mikono yake haigusi kuta.

"Kule kusini," akasema, na Orito ilimbidi asogeze sikio, "ngazi ilikuwa moja. Nyembamba. Niliwasikia chini, lakini wa kwanza alikuwa amejeruhiwa, akakwama." Kisha, bila kugeuka, "Walikuwa wananiita kwa jina, Kensaku. Si kwa cheo. Kwa jina."

Orito akamwekea mkono begani. Walipotoka nje, Mibu alikuwa ameshanyoosha mgongo na sauti yake imerudi mahali pake.

"Nitawaandikia Tokyo kwamba nahodha hazitaki topido. Wakitaka kunivua cheo, wanivue. Lakini huo mzinga wa mbele umeuweka vibaya, unaziba macho ya mtu wa usukani. Usogeze."

"Hauzibi."

"Unaziba!"

"Mtu wa usukani ana urefu gani, kama mtoto?"

Mafundi waliokuwa karibu wakatazamana wakitabasamu. Mzinga ule baadaye ulisogezwa kweli, maana Mibu alikuwa amesema haki, na topido hazikufungwa.

Miomote iliteremshwa majini majani yakiwa mekundu vilimani, na kiangazi kilichofuata ikapelekwa kusini kwa kazi yake ya kwanza kubwa. Kisiwa cha Okinawa kilikuwa kikingoja kushambuliwa, na wanawake, wazee na watoto walikuwa wakipakiwa kwenye meli za mizigo kupelekwa kaskazini, Kagoshima. Njia ile ilikuwa imejaa nyambizi za Wamarekani. Meli tatu za mizigo ziliwekwa chini ya ulinzi wa Miomote na manowari ndogo mbili. Orito naye alikuwamo, kwa sababu zile pampu mpya zilihitaji macho yake, na kwa sababu Mibu alimpelekea ujumbe usio wa kijeshi hata kidogo: Njoo ulalie kitanda ulichotandika.

Mhandisi wa meli, kumbe, alikuwa haiwezi bahari. Tangu waondoke Naha, bandari ya Okinawa, alikuwa ameshika ukingo, uso umemgeuka kijani.

"Tazameni!" Mibu aliwaambia maofisa wake. "Mtu amechora meli isiyopinduka, halafu tumbo lake mwenyewe limepinduka!"

"Ningekuwa na pampu tumboni," Orito akajibu kwa sauti ya mgonjwa, "ningeshalikausha."

Meli ya mizigo iliyokuwa karibu nao ilikuwa kuukuu, bomba lake la moshi limeinama kidogo, na juu ya sitaha yake watoto walijaa kama vifaranga. Asubuhi ya pili waliwapungia mikono mabaharia wa Miomote, na mabaharia wakawapungia. Wakaanza kuimba. Upepo ulileta vipande vipande tu vya wimbo.

Ndipo mtazamaji wa mlingotini alipopiga kelele. "Topido! Kushoto! Mbili!"

Orito akaiona mistari miwili myeupe juu ya maji, imenyooka kama iliyochorwa kwa rula, ikielekea kwenye ile meli kuukuu. Meli ile ilikuwa nzito, isingeweza kukwepa. Mibu hakungoja ushauri wa mtu.

"Usukani kushoto wote! Nguvu zote mbele! Tuingie katikati!"

Miomote ikageuka huku ikiunguruma. Orito alihesabu kwa macho umbali na mbio, kama alivyozoea, na hesabu ikampa jibu kabla topido hazijafika. Akaikumbatia nguzo.

Topido ya kwanza ikapasua omo, pua ya meli. Ya pili ikapiga ubavu wa kushoto, usawa wa vyumba vya mitambo. Meli ikarushwa juu kama mtu aliyepigwa ngumi ya kidevu, ikaanguka, na moshi mweusi ukatoka kila tundu. Kisha ikaanza kuinama.

Ikainama kushoto. Vikombe vikateleza mezani. Watu wakashikilia chochote kilichokuwa karibu. Mibu akamtazama Orito, na Orito akaelewa swali. Akakimbia chini.

Alipofika kwenye mdomo wa chumba cha mitambo cha nyuma, moshi na mvuke vilikuwa vikipanda. Na kwenye ngazi, ile ngazi pana, watu walikuwa wakipanda pia, wawili wawili, wakiwa na wenzao katikati, mikono imezungushwa shingoni. Hakuna aliyekwama. Luteni Ubukata, mkuu wa mitambo, alikuwa wa mwisho, nyusi zake zimeungua.

"Wa boila ya kushoto hawakuwahi," akasema. "Walikuwa pale pale ilipoingilia. Wengine wote tunao."

"Maji?"

"Yanavuka. Yanaenda upande wa pili, Bwana Orito, kama ulivyosema. Yanavuka!"

Orito akalala kifudifudi kwenye ukingo wa tundu, akamulika kurunzi chini. Maji meusi yenye mafuta yalikuwa yakitambaa kutoka kushoto kwenda kulia, yamebeba kofia, viatu na vipande vya mbao, bila ukuta wa kuyazuia. Akahisi chini ya kifua chake sitaha ikijibu. Ile hali ya kuinama ikapungua. Ikapungua tena. Meli ilikuwa ikishuka, ndiyo, ikinywa maji kwa mikupuo mikubwa, lakini ilikuwa ikinyooka. Alibaki amelala pale mpaka mgongo wa meli ulipokaa sawa, naye akagundua kwamba analia na kwamba kichefuchefu kimemtoka kabisa.

Aliporudi juu, bahari ilikuwa karibu kiasi kwamba mtu angeweza kuinama na kunawa mikono. Lakini mlingoti ulikuwa wima. Zile manowari ndogo zilikuwa zikiifukuza ile nyambizi kwa mabomu ya kulipuka chini ya maji, na meli tatu za mizigo zilikuwa nzima, zikienda zake kaskazini.

"Injini ngapi?" Mibu akauliza.

"Moja. Ya mbele. Inatosha kama huna haraka."

"Nilikuwa na haraka ya nini? Twende."

Wakaenda, kwa mwendo wa ng'ombe wa kulimia. Mchana ndege zikaja, tatu, zimenusa meli iliyojeruhiwa. Bila shaka marubani wale walitegemea kukuta manowari imelala ubavu, mizinga yake ya upande mmoja imetazama maji na ya upande mwingine imetazama mbinguni bure. Wakaikuta imesimama. Mizinga yote ikainua midomo kwa pamoja, na sauti iliyotoka ilikuwa kubwa hata watu wa kwenye meli za mizigo, kule mbele, waliinama wakidhani ni wao wanaopigwa. Ndege moja ikashika moto mkiani, ikaangukia mbali. Nyingine mbili zikaachia mabomu yao baharini na kugeuka. Mpiga mzinga mmoja, mtu mzima mwenye mvi, akavua kofia yake ya chuma na kuwaita kwa mkono, "Mbona mnaondoka? Chai bado!"

Kesho yake waliingia ghuba ya Kagoshima jua likiwa juu, mlima wa Sakurajima unafuka majivu kama kawaida yake. Meli za mizigo zilikuwa zimeshafunga gatini. Miomote ikaja nyuma yao, omo imekunjwa, sitaha iko usawa wa maji, lakini imenyooka kama askari kwenye gwaride. Wale wanawake wa Okinawa hawakuondoka gatini ingawa malori yalikuwa yakiwangoja. Waliweka vifurushi chini, wakawapanga watoto mbele, na meli ilipopita wakainama wote kwa pamoja, mpaka chini, wakakaa hivyo hivyo.

Mibu akawapanga mabaharia wake kando ya sitaha, nao wakavua kofia. Kisha akasoma majina ya wale waliobaki katika chumba cha boila, moja moja, kwa sauti ya kusikika mpaka gatini. Orito alisimama nyuma yake. Alisikiliza kila jina, na kila jina lilimchoma. Hata hivyo kifua chake kilikuwa kimejaa kitu kingine pia, wala hakukionea haya: meli yake ilikuwa imerudi, na kando yake, kwenye gati, watoto walikuwa wakigombana kuhusu nani aliiona topido kwanza.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Admirali Ashikari mwenyewe alishuka Kagoshima, akaingia ndani ya Miomote akiwa amevaa viatu vya mpira, na wiki hiyo hiyo amri ikapelekwa bandari zote: manowari nyepesi zitakazoundwa zisiwe na ukuta wa kati, na zile za zamani ukuta huo utobolewe au ukatwe. Orito akawa mtu wa treni. Leo Kure, kesho Sasebo, kesho kutwa Yokosuka, anaonyesha mahali pa kukata. Manahodha wengine walimpokea kwa kununa, wakisema hawataki chumba chao cha mitambo kigeuzwe bwawa. Hakubishana nao. Aliwaambia waende wakamuulize Kapteni Mibu, na Mibu, kwa jinsi nilivyomweleza, hakuwa mtu wa kumwacha mbishi aende salama.

Vita walishindwa hata hivyo. Kuwa na ukuta au kukosa ukuta kusingeweza kubadili hilo, na Orito alikuwa wa kwanza kulisema. Lakini katika mwaka ule wa mwisho, meli kadhaa ambazo zingelala zilisimama, na watu waliokuwa ndani yake walikufa wazee, vitandani mwao, wengine wakiwa wagomvi wakubwa.

Lakini kabla vita havijaisha, Miomote iliburutwa polepole kutoka Kagoshima mpaka Maizuru kwa matengenezo. Siku maji yalipopompwa kutoka gudini, karakana nzima iliacha kazi kuja kutazama: wale wanawake wachomeleaji, mafundi wa ribiti, wapishi, hata Chiyono, aliyeleta mikate ya mchele akasingizia kwamba anapita tu. Maji yakashuka, ubavu ukaonekana, kisha tundu likaonekana. Watu wakaguna kwa pamoja. Lilikuwa kubwa kama mlango wa ghala.

Gonda Iwakichi hakungoja ngazi iwekwe vizuri. Akateremka, akavuka matope, akaingia ndani ya lile tundu akiwa wima, kofia kichwani, bila kuinamisha shingo. Akapotea gizani. Wakasikia nyundo yake ikigonga chuma huku na huku, kama daktari anayemgonga mgonjwa kifuani. Mwishowe sauti yake ikatoka, imekuzwa na tumbo la meli.

"Bwana Mhandisi! Humu ningeweza kufungua duka la tambi, na wateja wakakaa!"

Kicheko kikalipuka gudi zima. Orito naye alicheka, yeye asiyecheka, mpaka akalazimika kushika bega la mkewe.

"Sema bei ya bakuli!" mmoja wa wanawake akapaza sauti.

"Kwenu ninyi mliochomelea mbavu hizi, bure!" Gonda akajibu. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya kazi. "Haya, mnacheka nini? Leteni vyuma! Huu mkuku haujapinda hata unywele, nimeupima. Leteni vyuma!"

Wanawake wakafunga vitambaa vyao upya, wakaanza kushuka.